Honi Iliyonyamaza Njia ya Bukura

Mzee wangu Amukoa,

Usishtuke, ni mimi Aggrey, yule uliyembandika jina la Redio kwa sababu sizimiki. Nimekaa kwenye debe lako hapa gereji. Mwandiko bado ni ule wa Form Two, vumilia. Huko uliko nafikiri muda unao.

Miwani yako yenye tepu nyeusi ingali ukutani. Mama Rosa wako hajambo, amepanda maharagwe. Na wateja wanasema siku hizi nashika waya kukushinda. Sawa, ni mteja mmoja, na alikuwa na haraka.

Ningependa kuishia hapo. Lakini mzee, ule moshi wa siku ya mazishi yako ni wangu.

Asubuhi ile tulikuja kukutoa mochari na pikapu ya mwalimu jirani yako. Si unajua watu wa huku: maiti haiendi nyumbani kimya. Honi ilie kutoka mjini mpaka bomani kwake, kila mtu njiani ajue mwenyewe anapita. Sasa honi ikanyamaza hata kabla hatujatoka getini. Fyuzi imekatika. Nikaweka ingine, ikakatika. Akina mama wameanza wimbo, watu wananiangalia, na mimi nilikuwa nimejitangaza kila kona kwamba ndimi mwanafunzi wa Amukoa. Nikapaza sauti, "Dakika moja tu!" Nikaomba pakiti ya sigara, nikachana ile karatasi ya kung'aa, nikaizungushia fyuzi iliyokufa. Honi ikalia! Vigelegele! Nilivimba kichwa mpaka kofia ikanibana.

Na nilijua. Hapo ndipo aibu iko. Wewe ulisemanga, "Fyuzi ni askari. Akipiga kelele, katafute mwizi, usimzibe mdomo." Unakumbuka uliponikuta nimechomeka msumari mahali pa fyuzi kwenye lori la miwa? Uliuchomoa na koleo, ukaniwekea kidoleni ungali moto. Hukunikaripia. Ukaenda kunywa ile chai yako mbaya. Alama iko mpaka leo.

Tulipovuka daraja, moshi ukatoka chini ya dashibodi, mweusi, na harufu ya mpira. Nikaruka, nikang'oa waya wa betri. Gari likafa, honi ikafa, wimbo ukakatika. Watu wakabaki kutazamana.

Ndipo wazee wakamgeukia ndugu yako Mukoya, aliyekuwa nyuma ameshika sanduku lako. Kila mtu alijua hamkuwa mnasalimiana tangu ile vita ya mikaratusi ya mpakani. Mmoja akasema, "Mukoya, shuka. Gari la maiti halizimiki bure. Ndugu yako amekataa kwenda na wewe." Wengine wakaitikia, "Ni kweli, ashuke."

Akashuka, mzee. Wewe ukapandishwa trela ya trekta la miwa, yeye akafuata nyuma peke yake kwa miguu, viatu mkononi. Na kaburini alipoinama kuchukua mchanga akutupie, wakamzuia.

Pakiti ya sigara ilikuwa mfukoni mwangu wakati huo wote. Mimi Redio. Siku hiyo nilizimika.

Tangu hapo watu hawanunui maziwa yake. Mama Rosa akikutana naye njiani anageuza uso. Nimesikia anataka kuhamia Likuyani, aache hata ng'ombe. Mimi nasikia, natengeneza taa za watu, nanyamaza.

Wiki jana mwalimu akaniletea ile pikapu. Nilipofungua tepu, nyaya zilikuwa zimegandana kama ukoko wa ugali. Safari hii nilifanya kama wewe. Nilikata kila ulioungua nikaunga mpya, nikafuata mmoja mmoja kwa kidole, sikuruka hata mmoja. Mwizi nikamkuta pale waya wa honi unapopita kwenye tundu la bati. Mpira wa kuukinga ulishatoka, bati likautafuna mpaka shaba ikawa nje. Gari likitikisika, inagusa bodi, fyuzi inakatika. Ni kazi ya nusu saa, mzee. Nusu saa, na Mukoya angekuzika.

Jumanne nilimpelekea Mukoya ile fyuzi ndani ya kibiriti, karatasi ingali imeng'ang'ania juu yake. Alikuwa anakamua. Nikamweleza yote. Akaigeuza kiganjani, kisha akauliza, "Kwa hivyo hakunikataa?"

Nikasema, "Hapana, baba. Ni mimi."

Nilingojea kofi. Badala yake alikaa chini kwenye majani, ndoo ikiwa bado mkononi, akalia. Lingekuwa kofi, usiku ningelala. Alipomaliza akaniambia, "Mimi nimesikia. Sasa waambie walionishusha."

Kesho Jumapili, baada ya kanisa, watakusanyika kwako kwa maombi ya kukukumbuka, na wazee wale wale watakuwepo. Nitakuja na pikapu. Ule waya uliotafunwa bado sijaufunga, nimeuacha makusudi. Nitaugusisha kwenye bodi mbele yao honi ikilia, fyuzi nzuri ikatike, gari lisiungue, waone jinsi askari wako anavyofanya kazi. Halafu nitatoa kibiriti na kusema jina langu. Watanicheka, na huenda hakuna atakayeniletea gari tena. Ninaogopa, mzee. Wewe ndiye nakuambia, usimwambie mtu.

Ninakuahidi sitakimbia, na Mukoya atashika mchanga wake. Nikishaufunga ule waya, nitampandisha mbele, nimrudishe mpaka pale darajani waliposhusha jina lake. Kutoka hapo mpaka kwako honi ataibonyeza yeye mwenyewe, bila kuachia.

Ukiisikia, usiseme ni Redio anajigamba. Ni ndugu yako anakuja.

Pumzika, mzee wangu. Debe lako nitalipangusa.

Aggrey