Unga wa Mizizi Katika Ndoa ya Uzeeni

Jumapili, mwezi wa Julai. Ukungu umelala juu ya ngoro, mashimo yetu ya kulimia mlimani, tangu alfajiri. Jua limekwisha kupanda, lakini mlima mzima hauna kivuli hata kimoja. Mume wangu amekwenda misa. Mimi nimebaki, maana miguu imevimba kwa kukaa siku nzima juu ya magunia ya dagaa kwenye lori la kutoka ziwani. Nimekaa mlangoni, blanketi mabegani, kichwa chepesi kama cha mtu aliyeamka kabla ndoto haijaisha.

Nina furaha.

Nimeliandika neno hilo, kisha nikalitazama kwa muda.

Niliolewa mara ya pili mwaka jana, kahawa ilipokwisha kuuzwa. Mimi ni mjane kutoka Lipingo, kando ya ziwa. Nilifundisha watoto wa darasa la kwanza mpaka mvi zikaanza kunitoka. Yeye ni Mmatengo wa huku mlimani, mkulima wa kahawa, naye alifiwa na mke. Watu humwita Baba Osmundi, kwa jina la mwanawe mkubwa. Tulionana kwenye arusi ya binti yangu Agnesi, aliyeolewa na mpwa wa mzee huyu. Alikuja kukaa karibu nami akaniuliza kama ni kweli samaki wa ziwani hulia wakivuliwa. Nikamwambia wanaolia ni wavuvi. Alicheka mpaka akaweka sahani chini.

Hakuna aliyenionya juu ya mwili. Bibi zetu walipotufunda tulipokuwa wasichana, walisema mengi juu ya mume na uvumilivu. Juu ya mwanamke aliyekoma kuona siku zake hawakusema neno, kana kwamba hapo chumba kinafungwa na ufunguo unatupwa.

Wangu haukutupwa. Nilimtaka mume wangu. Nilipenda harufu ya moshi na maganda ya kahawa shingoni mwake. Lakini kila tulipokaribiana niliumia, kama mdomo uliokauka kwa baridi unavyopasuka ukicheka. Niliuma meno nikanyamaza. Baadaye nikaanza kuogopa hata mkono wake begani. Niligeukia ukutani nikasema nimechoka na shamba.

Naye akanyamaza. Nyumba yetu ikajaa adabu. Tulipishana mlangoni kwa “samahani” na “pita tu”, kama wageni wawili waliofikia kwa mtu mmoja.

Kumbe yeye alikuwa akijilaumu. Alidhani nimemwona amezeeka, na hofu hiyo ikaingia mwilini, hata siku chache nilizomgeukia, mwili wake ukakataa. Akaenda sokoni Mbinga, kwa mtu anayetandaza mizizi na magome juu ya gunia, akanunua unga uliofungwa kwenye kipande cha gazeti. Aliambiwa akoroge kwenye uji. Aliuficha ghalani.

Mwezi uliopita, asubuhi ya mavuno, nilimkuta ameketi chini ya mibuni, kikapu kimepinduka, kahawa mbichi nyekundu imetapakaa miguuni pake. Mkono wake ulikuwa kifuani. Jasho lilimtoka, na ilikuwa baridi ya kutetemesha.

“Moyo unakimbia,” alisema. “Unakimbia peke yake, mimi nimekaa.”

Nilimlegeza shati, nikamlaza, kichwa chake mapajani pangu. Ukungu ulitupita polepole, miti ikaonekana na kupotea. Nilidhani ninamzika mume wa pili. Moyo ulipotulia kidogo nikamwuliza amekula nini.

“Nimekunywa dawa.”

“Dawa ya nini, Baba Osmundi?”

Alitazama juu, siyo kwangu. “Ya kukupendeza wewe.”

Hapo ndipo nililia. Nikamwambia palepale, kati ya mibuni, maneno niliyoshindwa kuyasema kitandani: si kwamba simtaki, ni kwamba naumia.

“Tangu lini?”

“Tangu mwanzo.”

“Na mimi nilidhani unamkumbuka marehemu,” alisema.

Osmundi alitaka baba yake apelekwe kwa mganga mwingine, mwenye dawa ya kuondoa ile ya kwanza. Mume wangu akakataa. Alisema atakwenda wanakotibiwa watu wangu, ziwani. Alipumzika kwanza, kisha tukapata nafasi kwenye lori. Tulipopita Tingi, tukiteremka kuelekea ziwani, joto likaanza kutupanda, naye akavua koti, kisha sweta, kisha kofia, akabaki akitabasamu kama mtoto aliyeachiwa acheze. Tulifikia kwa dada yangu. Asubuhi, kabla ya kwenda hospitali ya misheni, alisimama majini mpaka magotini, suruali amekunja, na maji yale hayakuwa na rangi tofauti na mbingu. Kwa mbali ilionekana kama amesimama hewani.

Mkunga wa hospitali ni binti wa umri wa Agnesi. Aliniamkia shikamoo, akauliza nina tatizo gani. Nikasema kiuno.

Alikwenda kufunga mlango, akavuta kiti. “Mama, ni kiuno, au ni chini yake?”

Nikacheka kwa aibu, kisha nikasema yote. Hata shabu aliyonipa jirani nijiwekee ndani ili kukaza, ambayo nilikuwa bado nimeifunga kwenye pindo la khanga, nilimwonyesha. Aliichukua mkononi mwangu, taratibu, kama anayempokonya mtoto kisu. Alinipima, akaniambia hakuna kidonda. Mwanamke akikoma hedhi, alisema, sehemu zile hukauka na ngozi huwa nyepesi. Si uchawi, wala si adhabu ya kuolewa tena. Nisijiweke shabu, wala majani, wala ndimu, wala sabuni ndani. Nitumie mafuta safi yasiyo na manukato, hata ya karanga, na tusiharakishe. Damu ikitoka, hata matone tu, nirudi upesi nisingoje.

“Na mumeo ajue,” alisema. “Hili si la kuvumilia peke yako, mama.”

Upande wa pili, tabibu alimfunga mume wangu kitambaa mkononi, akakijaza upepo, akasoma, akarudia. Damu inasukuma kwa nguvu mno, alimwambia. Aache tumbaku, apunguze chumvi na pombe, apande mlima polepole, arudi apimwe. Kisha akaomba ule unga, akaunusa.

“Siwezi kukuambia kilichomo humu, mzee. Na aliyekuuzia huenda naye hajui. Ndiyo maana usiunywe.” Akaongeza kwamba mwili kukataa mara moja moja humpata kila mwanamume, hasa mwenye wasiwasi. Ukikataa kila mara, hilo nalo ni la kuja kusema hospitalini, kwa kuwa huenda ni damu isiyopita vizuri, na sokoni hawana cha kupimia damu.

Tuliketi kwenye jabali ufukweni tukasimuliana, kila mtu na aliyoambiwa. Nilipofika kwenye mafuta ya karanga aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia.

“Miaka yote hii nalima karanga,” alisema, akijifuta machozi ya kicheko.

Jana mchana, hapa nyumbani, tulifunga mlango. Nje manyunyu yalikuwa yakianguka, membamba kiasi kwamba hayakusikika kwenye nyasi za paa. Hatukuwa na haraka. Nilipohisi maumivu yanakuja nikasema, “Ngoja.” Sikuwahi kulisema neno hilo kitandani maisha yangu yote. Akangoja. Tukazungumza habari za mbuzi. Kisha tukasogeleana tena.

Sitaandika uongo: hatukurudi ujana. Mahali fulani niliumia kidogo, mahali fulani mwili wake ulichoka kabla yake. Lakini hakuna aliyegeukia ukutani. Tulilala mchana kweupe kama watu wasio na shamba, na katika usingizi nilisikia mawimbi, na nilipoamka nikakuta ni pumzi yake.

Sasa nasikia sauti za watu wanaorudi kutoka misa. Kikohozi chake nakijua. Anapanda polepole, kama alivyoagizwa, anasimama, anapanda tena. Ningepaswa kuinuka nikachochee moto, nionekane nina kazi.

Sitainuka. Nataka anikute hivi hivi, mikono mitupu, namsubiri yeye. Je, mwanamke wa umri wangu anaruhusiwa kumsubiri mumewe waziwazi namna hii, jirani wote wakipita?

Nimejiruhusu.