Mmempa Mama Binti Mwingine

Kaka Deusi,

Shikamoo. Naiandika hiyo shikamoo kwa sababu wewe ulitangulia kuzaliwa na mama alitufunza hivyo, si kwa sababu umenipa sababu nyingine ya kuiandika. Habari za Nansio? Habari za mashine za boti unazotengeneza, na za jumuiya unayoiongoza kwa sala na nyimbo? Mimi ni mzima. Nakwambia mapema kwamba ni mzima, maana nasikia siku hizi hapo nyumbani hali yangu inatangazwa na watu wengine.

Barua hii anakuletea mwalimu mmoja wa Bukoba anayesoma huku Australia. Anakuja likizo, na amekubali kupanda meli kutoka Mwanza mpaka Ukerewe kwa ajili yangu tu. Mpe maji ya kunywa, hana kosa. Nimeandika kwa mkono kwa makusudi. Namba yangu umeifungia kwenye simu yako, na sauti yangu mmehakikisha haina thamani tena kwenye nyumba ya mama. Mwandiko wangu bado hamjapata mtu wa kuuiga.

Nianze na simu, usije ukawaambia watu kwamba nilipotea kwa kiburi. Unaikumbuka ile tuliyonunua Mabatini, Mwanza, kabla sijaondoka, wewe ukabishana na muuzaji mpaka akatuongezea kava. Ilinitunza vizuri. Basi zilianza kuingia meseji kwamba mtandao wa zamani, ule wa 3G, utazimwa nchi nzima. Nilizisoma nikazifuta. Simu yangu ilikuwa inaandika 4G pale juu, nikajisemea hayo ni mambo ya wenye vitochi, simu za vitufe. Siku walipozima nilikuwa kazini, kwenye kituo cha kulea wazee, nimetoka kumlisha bibi mmoja. Nikaona imeandikwa hakuna huduma. Nikaizima, nikaiwasha. Nikatoa laini, nikaipuliza, nikaifuta kwenye sketi, nikairudisha, yaani zile dawa zetu zote. Kimya.

Mji ninaokaa ni mdogo, duka la simu liko mji mwingine, na basi la kwenda huko halipiti kila siku. Nilipofika, dada wa dukani aliishika simu yangu kwa vidole viwili na kunieleza. Kumbe ile 4G ilikuwa ya intaneti tu. Kila nilipopiga, simu ilikuwa inateremka kwenye mtandao wa zamani bila mimi kujua. Na sheria ya huku inasema simu isiyoweza kupiga namba ya dharura kwenye mtandao mpya inafungiwa kabisa. Simu nzima, betri nzima, kioo hakina mkwaruzo, inafungiwa kama mhalifu! Akanionyesha na ndoo ya kutupia simu zilizokufa. Nikamwambia yangu haijafa, imeuawa, nikairudisha kwenye mkoba.

Hasira ikanifanya nikatae bei za dukani. Nikanunua simu iliyotumika kutoka kwa mtu, mfanyakazi mwenzangu aliyekuwa anahama. Ikafanya kazi kidogo, nayo ikafungiwa, maana ilikuwa na ugonjwa uleule. Hapo nikabaki sina simu wala akiba, nikisubiri mshahara. Lakini sikunyamaza, Kaka, na wewe unalijua hilo. Niliazima simu ya Mfilipino ninayefanya naye zamu, nikakuandikia: simu yangu imefungiwa, mtandao umezimwa, mwambie mama niko salama, nikipata nyingine nitapiga. Ukajibu neno moja, Sawa. Lile neno nililala nalo kwa amani wiki nzima na nyingine juu yake.

Mshahara ulipoingia nilinunua simu mpya, ya dukani, yenye risiti. Namba ya zamani sikuipata tena, kwa kuwa laini ilisajiliwa kwa jina la mwanamke aliyenipokea nilipofika huku, naye amekwishahama. Nikapewa namba mpya. Wa kwanza kumpigia ulikuwa wewe. Ulipokea. Nikasema, "Kaka, ni mimi." Nikasikia mashine inanguruma nyuma yako, kisha ukasema, "Niko kazini, nitakupigia." Hukupiga. Nilipojaribu tena, simu haikuingia, na mpaka leo haiingii. Nikadhani ni mtandao. Mjinga mimi, bado nilikuwa naulaumu mtandao.

Ndipo nikampigia mama kwenye kitochi chake. Nilimwamkia kwa Kikerewe, kama nilivyomwamkia maisha yangu yote. Akaitikia taratibu, akauliza, "Nani wewe?"

"Mama, ni mimi, Anastazia. Ile simu yangu imeharibika, hii ndiyo namba yangu mpya."

Maneno yakiwa bado mdomoni nilijisikia mwenyewe. Nani Tanzania hii hayajui maneno hayo? Ndiyo wanayoanza nayo matapeli wote wa "tuma kwa namba hii". Mama akacheka, kile kicheko chake cha puani.

"Mwanangu nimeongea naye Jumapili," akasema.

"Mama, Jumapili sikupiga. Sikuwa na simu."

"Wewe hukupiga. Mwanangu alipiga. Anapiga kila Jumapili nikitoka kanisani. Halafu mwanangu Kikerewe kimemtoka huko aliko, mwenyewe kaniambia, tunaongea Kiswahili tu. Wewe unakiongea kama umezaliwa hapa Nansio. Nani kakufundisha?"

"Mama, si nimezaliwa hapo!"

"Hata matapeli wamezaliwa mahali."

Nikamtajia jina la bibi, lile ninaloitwa ndani ya nyumba yetu tu. Akauliza nimemhonga nani anitajie. Nikamtajia siku nilipoungua mguu kwa mafuta ya kukaangia dagaa, na yeye akaniwekea asali. Hapo nikadhani nimempata. Kisha akaongea kwa sauti ya chini, bila kicheko, na haya ni maneno yake, sikuongeza wala kupunguza: "Sikiliza, binti. Mwanangu yuko mbali, anaosha wazee wasio wake ili sisi tuishi. Amehangaika vya kutosha. Msimwibie na jina lake. Mwacheni." Akakata.

Nilikuwa nimesimama kwenye chumba cha kufulia mashuka. Nilikaa chini kati ya vikapu nikalia, mama yangu akiwa amenitetea dhidi yangu mimi.

Siku ya pili nilimpata mama mdogo Felista. Naye alianza kwa kunitukana, lakini yeye ana simu janja, nikapiga ya video akaniona uso. Akapiga kelele mpaka majirani wakaingia. Baada ya hapo alinieleza yote, na wala usimkasirikie, maana wewe ndiye ulipaswa kunieleza. Alisema nilipopotea hewani mama aliacha kula. Ulimwambia niko salama, ni simu tu imeharibika, naye akakujibu kwamba hivyo ndivyo mlivyomwambia alipofiwa na mjomba: yuko salama, ni simu tu. Wiki nzima mlimficha msiba ule kwa sababu alikuwa anaumwa. Kwa hiyo safari hii akajua nimekufa na mnamficha. Akajilaza, akageukia ukuta, akakataa uji. Ndipo wewe ukamtuma mkeo, wifi Debora, akasimame nyuma ya jiko la nje, apige simu, aseme yeye ni mimi.

Kaka, sina moyo wa jiwe. Mtoto wa jicho amemfunga mama macho, masikio nayo yamekuwa mazito, na mtu anakufa mbele yako. Ile mara ya kwanza naielewa. Pengine hata mimi ningefanya hivyo. Mama mdogo anasema aliinuka siku ileile akaomba uji na ndizi, na kwa hilo nakushukuru kwa moyo mweupe, na hapo ndipo shukrani zangu zinapokomea.

Kwa sababu Jumapili iliyofuata mlipiga tena. Na iliyofuata. Ukaona raha, bwana! Umempata Anastazia asiyebisha. Mimi nilipokuwa napiga nilikuwa nakuuliza kwa nini mama bado hajapelekwa Mwanza kuangaliwa macho, kwa nini paa la jikoni kwake linavuja wakati wewe ni fundi. Huyu wenu haulizi. Mama mdogo anasema huyu wenu anamwambia mama, "Msikilize Kaka, Kaka ndiye baba yetu sasa." Mimi niseme hivyo? Mimi? Na mama anajisifu kwa majirani kwamba mwanawe ughaibuni kumemfunza upole. Na kwa kuwa Debora ni wa Sengerema na hajui lugha yetu, mkaona dawa ni kumwambia mama kwamba nimeisahau. Huku ninaoga kwa Kikerewe, nasali kwa Kikerewe, nawatukana wazee wakorofi kwa Kikerewe wakidhani nawabembeleza, na nyinyi mmekaa na mama yangu mkamwambia nimeisahau lugha aliyoninyonyeshea.

Halafu nimepata simu, nimekupigia kwanza wewe, kakangu, ukaisikia sauti yangu ukaijua. Siku hiyo ungeweza kuumaliza uongo wako kwa dakika moja. Ungepata aibu kidogo, mama angekugombeza, tungecheka. Badala yake ulitoka mbio kwa mama ukamwonya kwamba kuna matapeli wanazunguka, wanapiga wakijifanya Anastazia, asiwasikilize. Yaani mwivi ndiye aliyepita akipiga yowe la mwivi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na mimi nilikuwa nadhani wanasema kuhusu majirani.

Sasa nisikilize. Mkataba wa kazi haujaisha, siwezi kuja, na hilo unalijua, ndiyo maana umekuwa jasiri. Lakini Jumapili baada ya kuipata barua hii, mama akitoka kanisani, Debora hatakwenda nyuma ya jiko. Atakaa mkekani karibu na mama, amshike mkono, aseme kwa sauti yake mwenyewe na jina lake mwenyewe kwamba yeye ndiye aliyekuwa anapiga. Wewe utakuwepo, utasema nani alimtuma. Kisha mama mdogo atapokea simu yangu na kuiweka sikioni kwa mama. Usiniambie mama atashtuka. Amezika mume, amezika kaka yake, ameishi na wewe. Hatakufa kwa kuambiwa ukweli.

Usipofanya hivyo, barua ya pili, neno kwa neno kama hii, iko ndani ya bahasha kwa mama mdogo. Ataisoma kwenye jumuiya, siku ambayo wewe mwenyekiti umekaa mbele na rozari yako shingoni, mbele ya wanajumuiya wote, na mama akiwemo. Sitishii. Unaujua mdomo wangu, ndiyo maana ulitafuta mwingine.

Nisalimie watoto wako, waambie shangazi yao wa kweli anawapenda na hana ugomvi nao. Msalimie katekista. Mama mdogo simsalimii, tunaongea kila siku. Wifi Debora mwambie kwamba hasira yangu kwake ni nusu ya niliyo nayo kwako, na bado hiyo nusu ni kubwa. Lakini mama mdogo ameniambia jambo jingine, na sina wa kumwambia ila wewe. Anasema Debora hakuwa anapiga na kukata. Alikuwa anakaa kule nyuma ya jiko, juani, mpaka muda wa maongezi uishe, anamsikiliza mama hadithi zote. Mimi nilikuwa napiga nikitoka zamu, nimechoka, nagombana na wewe nusu saa, halafu mama anapata dakika za mwisho.

Ndiyo maana kuna kitu kimoja ninachokiogopa, nacho si wewe. Mama akishaambiwa yote, simu yangu ikiwa sikioni mwake, anaweza kusema amenisikia, ahsante, lakini yeye anamtaka yule wa Jumapili. Akisema hivyo, usimlazimishe, na usinifiche. Mwache Debora aendelee kupiga. Mimi nitapiga siku za Jumatatu, nitamwambia mimi ni rafiki wa mwanawe, tunafanya kazi pamoja, naomba tu kumsalimia.

Mdogo wako, upende usipende,

Anastazia