Siku Mama Mkwe Alipowasha Jiko la Mafuta

Mjukuu wangu Rehema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Sie huku Buguruni hatujambo, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike. Umeuliza kwa nini sikuona haya kumwomba mdogo wako anifundishe kuwasha jiko la gesi.

Zama za Mwingereza, nikiwa nimeolewa karibuni, babu yako alinunua jiko la mafuta ya taa. Mama yake, aliyepikia kuni maisha yake yote, akalikataa. "Chakula kitanuka mafuta," alisema. Masika yakaja, kuni zikalowa, moshi ukamjaa machoni hata akaungua mkono akipapasa chungu. Nikampumzisha, nikapika samaki wa nazi kwenye jiko lile, huku nikiogopa atanirudisha kwetu. Alikula, akaomba tena. Nikamwambia ukweli. Akasema polepole, "Mwanangu, mie sijui kuliwasha."

Kumbe haikuwa harufu. Nikampa kiberiti, nikamwelekeza. Asubuhi yake nilimkuta anachemsha chai peke yake, macho makavu, anaimba.

Mungu akutunze huko uliko.

Bibi yako,
Mwanahawa