Sifa za Watu wa Mbuchi

Mbuchi, 11 Machi 2023

Dada Mwanasiti,

Asalaam alaykum. Mnaendeleaje huko Bungu? Mama vipi, miguu bado inavimba? Huku mtandao wa kubahatisha, barua nampa mwenye boti. Nimeomba uhamisho nitoke zahanati hii nije ya huko kwetu, nimuuguze mama mwenyewe. Mkubwa wetu wa wilayani kasema nisubiri kidogo. Sitaki mama aondoke sipo, dada.

Mdogo wako,
Muzdalifa

Bungu, 2 Aprili

Mdogo wangu Muzdalifa,

Waalaykum salaam. Sisi wazima, ila mama hapana. Figo zimechoka, chakula chake uji tu. Kila pikipiki ikisimama anauliza, "Ndo Muzi huyo?" Nikimwambia bado, ananuna kama nimekuficha mimi. Fanya haraka, jamani.

Dada yako,
Mwanasiti

Mbuchi, 6 Mei

Dada,

Salamu nyingi, na mama mpe zake. Nimelia mpaka basi. Mzee Gharibu, mwenyekiti wa kijiji, kachukua wenzake wakaenda wilayani kunisifu: nesi wetu hachoki, hatukani wajawazito. Wallahi walitaka nipewe zawadi! Mkubwa kafurahi, kaniita: "Mtu kama wewe siwezi kumtoa kule." Mwenzangu Hafsa, anayekuja kazini akijisikia, ndiye kahamishwa. Hivi ningekuwa mvivu si ningekuwa na mama saa hizi? Na watu hawa siwezi kuwachukia, ndiyo shida.

Mdogo wako,
Muzdalifa

Bungu, 30 Juni

Mdogo wangu,

Pole tena na msiba. Umepumzika kidogo? Usijilaumu kwa kukuta tumeshazika. Maji yalikupwa, boti ikakwama matopeni, ungefanyaje? Ila wale watu wako waliokusindikiza na magunia ya mchele, nilitaka kuwafukuza. Mzee Gharibu akaniuliza mbona hukuja mapema kumuuguza mama. Nikamwambia yote. Alikaa chini, hata maji akashindwa kunywa.

Dada yako,
Mwanasiti

Mbuchi, 19 Agosti

Dada,

U hali gani? Mimi mwili mzima, moyo ndo hivyo. Mzee Gharibu na wenzake wamerudi tena wilayani, hawakuniambia. Safari hii wameniombea niondoke. Leo wameniletea barua ya uhamisho wenyewe, kina mama wanalia, na mimi nalia. Mwezi ujao nahamia Bungu.

Nakuja kumuuguza nani, dada?

Mdogo wako,
Muzdalifa