Pikapu Kuukuu na Mguu Wangu

Mama watoto,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia bati la jikoni limezibwa. Sasa nisikufiche: mwezi uliopita jiwe liliniangukia mguuni kule machimboni, na hospitali iko mwendo wa siku nzima.

Msimamizi aliamuru nipelekwe na pikapu mpya. Mimi nikang'ang'ania ile kuukuu.

"Wewe unaumwa mguu au kichwa?" akaniuliza.

"Bosi, dizeli ya mapipa yetu ina maji. Mpya ikiyanywa itazima, na porini nani ataifungua? Kuukuu naijua nje ndani."

Basi nikapakiwa kwenye kuukuu, na kweli ilizima, tena mara mbili. Nikiwa nimelala nyuma nilimwelekeza dereva: fungua chujio cha dizeli kwa chini, maji yatoke, piga pampu kwa mkono, washa. Mara zote mbili iliitika. Pikapu mpya iliyotufuata na mizigo ilizima moja kwa moja, ikavutwa na kuukuu kwa kamba, msimamizi akiwa ndani.

Daktari alisema tungechelewa saa moja zaidi angeukata mguu. Hakuukata. Jana hapa wodini nilitembea hadi dirishani nikarudi peke yangu.

Wasalimie watoto.

Mumeo, mwenye miguu miwili.