Uzi Wenye Mafundo Matatu

Nyumbani,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni,
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa mwanangu Kifungo,

Salamu nyingi kama pini zilizomwagika sakafuni. Hujambo huko uliko? Unalala vizuri? Kikohozi kile kimekuacha? Mimi mama yako sijambo, nimejichoma sindano kidole tu. Bibi yako hajambo, anakula na kulalamika, basi ujue ana afya. Mdogo wako hajambo, kelele zake ziko palepale. Paka naye mzima, amezaa ndani ya kikapu changu cha vitambaa. Baba yako nitamsema huko chini.

Utaushangaa mwandiko. Barua za nyuma nilikuwa nasema mimi, mdogo wako anaandika na kuzinyoosha. Hii naandika mwenyewe, wenzangu wametoka na mlango nimeurudishia. Nilipokosea unisamehe, shule yangu unajua iliishia wapi.

Mwanangu, siku hizi nawaza sana habari za uongo. Si kwa ubaya, nataka tu kujua uongo wenyewe umeumbwaje. Juzi mke wa mwenye bucha kaja na gauni la mwaka jana, ananiambia, "Fundi, kitambaa hiki kimerudi baada ya kufuliwa, gauni linanibana." Nikamjibu, "Vitambaa vya siku hizi havina adabu, shoga yangu." Nikaachia mshono vidole viwili, akaondoka anacheka. Hapo nani kamdanganya nani? Yeye anajua, mimi najua, kitambaa peke yake ndicho kilichosingiziwa.

Na wewe je, ulipomeza kifungo cha koti la mteja ukasema kuku ndiye kakila? Kuku wa watu tukamchinja bure, na paja ukala wewe! Kesho yake kifungo kikatokea kwako. Ulikuwa na miaka minne. Nani alikufundisha? Hilo hata leo sijalipatia jibu.

Sasa baba yako. Kila barua tumekuambia hajambo, yuko na saa zake anatengeneza. Si kweli, mwanangu. Macho yalianza kufifia tangu mwaka jana, na sisi wenyewe alituficha. Mteja akija anamuuliza, "Saa yako inasema saa ngapi?" Watu wakamsifu, fundi makini huyu, haishiki saa mpaka asikie maelezo. Kumbe mishale haioni!

Siri imetoka mwezi uliopita. Saa ya mwalimu mkuu kampa mwenye bucha, ya mwenye bucha kampa mwalimu mkuu. Mwalimu kaja juu: "Mzee, mbona saa yangu inanuka mafuta ya mbuzi?" Baba yako kaishika, kainusa, kisha akasema polepole, "Afadhali pua bado inafanya kazi." Tukacheka wote. Kesho yake nikampeleka hospitali.

Daktari anasema ni mtoto wa jicho, na wengi hupasuliwa wakaona tena. Atapasuliwa Alhamisi ya wiki ya tatu kuanzia leo. Baba yako alitukataza kukuambia, usije ukaacha kazi kwa ajili yake. Nikakubali, nikajiambia hii ni huruma. Lakini huruma gani inayomfanya mama aogope barua yake mwenyewe?

Basi mimi nimesema langu. Nawe sema lako. Picha uliyotuma tumeitundika ukutani, na wote wanasema umependeza. Umeandika kwamba unakula vizuri na umenenepa. Lakini shati hilo nimelishona mimi, Kifungo. Mshono wa bega niliuweka juu ya mfupa. Kwenye picha umeteremka vidole vitatu. Kola imeiacha shingo. Na ubavuni naona mkunjo, umelikusanya nyuma kwa pini. Mdomo nimeuona ukidanganya mara nyingi, shati bado. Unaumwa? Huli? Au kazi imekwisha unaona aibu? Mficha maradhi kilio humuumbua, mwanangu. Sijamwambia mtu.

Humu ndani nimetia uzi. Shangazi aliyenifundisha cherehani hakujua namba, alipima watu kwa uzi akafunga mafundo. Jipime hivyo nawe: anzia ncha nyekundu, kipimo kinapoishia funga fundo. Fundo la kwanza bega hadi bega, la pili kiuno, la tatu kifua. Usijaze pumzi. Usimpime jirani mnene. Kiuno kikipita kifua nitacheka mpaka bibi yako aniulize nina nini. Kikiwa chembamba, niambie kwa nini, sitakugombeza.

Bibi yako anakusalimu, anasema usisahau kofia. Mdogo wako anakusalimu sana. Baba yako hajui kwamba naandika, lakini kila asubuhi anasimama mbele ya picha yako, anapapasa kioo kwa kidole, anasema, "Kijana kanawiri." Anarudia tulivyomwambia.

Mungu akutangulie uingiapo na utokapo, akulinde na njaa na upweke.

Tafadhali urudishe uzi upesi, ukipata barua hii usichelewe hata siku moja. Maana siku atakayofunguliwa bandeji, najua atataka kuona nini kwanza. Naye shati lile analijua, alinishikia taa nikilishona. Nataka niwe na la kumwambia, na safari hii liwe la kweli.

Ni mimi mama yako nikupendaye, mnene au mwembamba,

Mama