Sauti ya Mama Yako Iliyopotea Redioni

Chumba cha Nyuma,
Juu ya Duka la Vitambaa.
Jumanne, tarehe 14 Mei.

Mpendwa mpwa wangu,

Kaa vizuri kwanza, maana si kila siku mtu hupata barua kutoka kwa Masikio ya Mji. Ndivyo wanavyoniita siku hizi. Wimbo usiopita mikononi mwangu huhesabiwa kuwa kelele tu, na hata wale waliosomea kazi hii ya kurekodi huja kunichungulia dirishani.

Hujambo lakini? Kile kifua kimekuachia? Na yule mwenye nyumba wako, bado anakuzimia maji ya moto? Sisi huku wazima, isipokuwa goti langu la kulia na heshima yangu. Goti nalipaka dawa. Heshima ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Unajua mama yako anaimba tangu mimi sijaota meno: akifua, akipika, akinichapa. Mwezi uliopita nilimweka mbele ya kipaza sauti changu, mara ya kwanza maishani mwake, akina mama wa kikundi chake wakimwitikia na yule kijana tunayemwita Kidole akipiga gitaa. Aliimba mara moja tu, balbu ikatikisika. Stesheni ya redio ikakubali kuupiga wimbo Jumapili saa nne asubuhi.

Nilipomsikilizisha, akanuna. "Mdogo wangu, mbona nasikika kama mtu aliyefungiwa kabatini?" Alikuwa na haki kidogo. Gitaa, ngoma, waitikiaji na yeye, wote nilikuwa nimewarundika katikati kama nguo za safari kwenye sanduku moja. Nikamwambia aniachie mimi, nitampa upana mpaka spika ya kushoto na ya kulia zimgombanie.

Upana wenyewe niliufanya hivi. Nilinakili sauti yake, nakala moja nikaipeleka kushoto, nyingine kulia, kisha ile ya kulia nikaipindua kwenye kompyuta: wimbi la kushoto likipanda, la kulia linashuka. Kwenye spika zangu mbili mama yako akatoka kabatini, akajaa chumba, akapita ukutani. Mbuzi wa jirani aliyekuwa akila maboksi pale chini akageuza shingo kushoto, akageuza kulia, akashindwa kujua mwimbaji yuko wapi, mwisho akalala kwa kizunguzungu. Kidole ni shahidi, ingawa anakataa.

Jumapili tukajazana kwa fundi cherehani, maana redio yake ndiyo inayosikika mpaka nje. Redio ya spika moja. Mama yako alivaa gauni jipya utadhani redio ina macho. Gitaa likaanza, ngoma ikaingia, zamu yake ikafika. Kimya. Ile sauti iliyopanda na ile iliyoshuka zilikutana kwenye spika moja zikauana. Waitikiaji wakamwitikia mtu asiyekuwepo, beti zote tatu.

"Mama, hapo ulikuwa umetoka kunywa maji?" fundi cherehani akauliza. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mama yako hakucheka. Alinitazama mimi, si redio. "Miaka arobaini naimbia masufuria," akasema. "Siku moja tu naimbia watu, na wewe umenifuta." Akachukua mkoba wake akaondoka.

Mimi nikasema stesheni yao mbovu. Nilisema pale pale, nikasema njiani, nikasema kwa kinyozi mpaka akaninyoa upande.

Tangu hapo sina raha. Wiki tatu, mpwa wangu. Nimeichelewesha sauti upande mmoja, nimeitia mwangwi, nimeisogeza huku na kule. Kwenye spika mbili anakuwa mpana kama uwanja wa mpira; nikihamia spika moja anakonda, au anaimba kama yuko ndani ya mtungi. Juzi nimeipiga meza ngumi, kikombe kikavunjika. Na Kidole kila akipita mlangoni: "Fundi, leo dada yuko upande gani?" Nimemfukuza mara mbili. Anarudi kuuliza kama bado nimekasirika.

Mama yako naye ameiambia stesheni wimbo wake usipigwe tena. Wamenipa Jumapili hii tu, na lazima akubali mwenyewe. Nimekwenda kwake mara nne. Ananipa kiti, ananipa chai, hanisemeshi. Tena haimbi. Hilo ndilo linalonikata maini. Nilisimama nyuma ya ukuta wa uani makusudi siku ya kufua, nikasikia maji tu.

Wimbo wenyewe jana umepona. Sauti yake nimeirudisha moja, katikati, haina pacha. Kidole nimempigisha gitaa mara mbili, moja nikaweka kushoto, moja kulia. Hakuna binadamu anayepiga kitu kile kile sawasawa mara mbili, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoleta upana. Waitikiaji nimewatawanya pembeni. Kumbe mama yako hakuwa mwembamba, walikuwa wamemziba. Nimeujaribu kwenye redio ya fundi cherehani na kwenye simu ya kinyozi: yupo, neno kwa neno. Yote haya nimeyagundua kwa kichwa changu mwenyewe.

Basi nakuomba, mpigie mama yako kabla ya Jumapili. Wewe hakukatalii. Aje ausikilize mara moja tu, kwenye redio ile ile.

Bibi yako anakusalimu, anauliza kama unakula. Shangazi yako na binamu zako wanakusalimu pia. Mungu akulinde huko uliko, akurudishe kwetu ukiwa na afya na akili zako zote.

Ni mimi mjomba wako nikupendaye,
Masikio ya Mji.

N.B. Mama yako akikuuliza kosa lilikuwa la nani, mwambie ni langu, maana mimi ulimi unakwama. Ile karatasi ya maelekezo ya kurekodi uliyoniandikia mwaka juzi, nikakujibu kwamba nimeisoma na nimeona makosa kadhaa, sikuisoma. Niliikunja mara nne nikaiweka chini ya mguu wa meza ya kompyuta, isiyumbe. Ilichomoka siku ile ya ngumi. Mstari wa kwanza unasema: "Mjomba, kabla hujamaliza, sikiliza kwa spika moja." Meza sasa inayumba, na mwandiko wangu unauona.